Fundi wa Baridi Anajibu: Kipimajoto Kinasoma Sifuri, Mbona Maziwa Yamekatika?

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wa maziwa, kuanzia Machame hadi Ngaramtoni, na karibu zote zinahusu tangi la barafu. Kwa asiyelijua, hilo ni tangi la maji lenye koili, yaani mabomba yaliyokunjwakunjwa, za shaba au za chuma cha pua ndani yake. Kompresa inagandisha barafu kuzunguka koili wakati ambao hakuna maziwa. Maziwa yakifika, pampu inazungusha yale maji ya baridi kwenye kuta za tangi la maziwa. Baridi inatengenezwa mapema, inatumiwa baadaye. Wazo ni zuri sana kwa nchi ya umeme wa kukatika kama yetu, ila wengi wameuziwa mtambo bila kuambiwa unavyoendeshwa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu wa kituo cha kukusanyia maziwa huku Machame. Tunapokea lita 400 asubuhi na 200 jioni. Juzi umeme ulikatika saa 11 alfajiri, kabla wanachama hawajaanza kuleta. Sikuhangaika, maana kipimajoto cha tangi la barafu kilikuwa kinasoma nyuzi 0.5 kama siku zote, na pampu tuliwasha kwa jenereta ndogo. Kufika saa 3 asubuhi maziwa bado yalikuwa nyuzi 16 na hayashuki tena. Gari la kiwanda lilichelewa hadi saa 7 mchana, wakapima kwa alkoholi, yakakatika (yakaganda mabonge, dalili kwamba yameanza kuharibika), wakayakataa yote. Aliyetuuzia mtambo anasema themostati ni nzima. Kosa liko wapi?
*Katibu, Machame*

JIBU: Marahaba katibu, na poleni kwa hasara. Muuzaji wenu hajadanganya, themostati ni nzima. Inapima ilichowekewa kupima, yaani joto la maji. Ila joto la maji halikwambii una barafu kiasi gani.

Barafu inapoyeyuka haipandi joto hadi iishe. Maji yenye barafu kilo 10 yanasoma karibu sifuri, na yenye kilo 300 yanasoma vilevile. Ukitegemea kipimajoto kujua akiba, ni sawa na kuangalia taa ya sebuleni ili ujue uniti za LUKU: taa inawaka hivyohivyo ukiwa na uniti 50 au ukiwa na nusu uniti.

Kuna na jambo la pili. Umeniandikia kwamba kinasoma 0.5 siku zote, nami nina hakika themostati imewekwa izime kompresa maji yakifika hapo. Kwa mpangilio huo kompresa inazima barafu ikiwa bado ngozi nyembamba juu ya koili. Alfajiri ile mlikuwa na tangi la maji baridi, mkidhani mna tangi la barafu. Tofauti yake ni kubwa. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kilojuli 334. Kilo moja ya maji ikipanda kutoka nyuzi 0.5 hadi 4 inameza kama kilojuli 15 tu.

Tufanye hesabu ya kituo chenu. Lita 600 kwa siku, zinafika zikiwa kama nyuzi 33, na mnataka zishuke hadi 4. Joto la kuondoa ni karibu kilojuli 70,000. Gawanya kwa 334, unapata barafu kilo 210. Ongeza ile inayopotea kwenye kuta, kwenye mabomba na kwa joto la pampu yenyewe, tuite kilo 250. Mimi natumia kanuni ya kichwani: barafu kilo 4 kwa kila lita 10 za maziwa. Iandike ukutani.

Sasa, utajuaje mna kilo ngapi? Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Koili zikiwa zimezama kabisa, kila barafu inavyoongezeka ndivyo maji ya tangi yanavyopanda. Kwa hiyo tafuta rula ya chuma cha pua, ile ya mafundi seremala, uifunge wima kwenye ukuta wa ndani wa tangi. Siku ambayo barafu yote imeyeyuka, zima pampu, subiri maji yatulie, uweke alama pale yalipofika. Hiyo ndiyo sifuri yako. Pima urefu na upana wa tangi kwa mita, zidisha upate eneo, kisha zidisha na 11. Jibu ni kilo za barafu kwa kila milimita moja ya maji kupanda. Tangi la mita 1.5 kwa mita 1 linatoa kilo 16 na nusu kwa milimita, na hizo zinapoza lita 40 za maziwa. Maji yakipanda milimita 15 juu ya alama, una baridi ya lita 600. Yakipanda milimita 4 na umeme umekatika, chukua simu uwaambie watu wa gari wawahi, au mgeuze maziwa kuwa mtindi mapema badala ya kungoja yakataliwe.

Rula hii inadanganywa na vitu viwili. Cha kwanza ni boya. Kama tangi lina boya la kujaza maji lenyewe, lifunge. Barafu ikiyeyuka maji yanashuka, boya linadhani yamepungua, linaongeza, na alama yako ya sifuri imekufa. Ongeza maji kwa mkono, barafu ikiwa imeisha, halafu weka alama upya. Cha pili ni barafu iliyobanduka na kuelea. Inayoelea haipandishi maji kuliko itakavyokuwa ikiyeyuka, kwa hiyo rula haiioni. Ukiona vipande vinaelea jua una kidogo zaidi ya unachosoma, jambo ambalo si baya.

Nendeni kwa fundi awawekee kidhibiti cha unene wa barafu, hicho ndicho kiwe na amri ya kuzima kompresa. Themostati ibaki kama mlinzi tu. Halafu amueni mnataka akiba kiasi gani, na hapa mafundi tunabishana. Wapo wanaosema tengeneza barafu ya kesho tu, kwa sababu barafu yenyewe inazuia joto lisipite: ikishakuwa nene juu ya koili, kompresa inahangaika kugandisha tabaka jipya juu ya la zamani. Ni kweli kabisa. Lakini hao hawakai Machame wakati wa masika, mti unapoangukia waya na fundi wa TANESCO anafika kesho yake. Kwa kituo chenu mimi ningeweka barafu ya siku moja na nusu, yaani maji yapande milimita 22 hivi kwenye rula kwa tangi la kipimo kile, nikubali kulipia kidogo zaidi. Na mara moja kwa wiki, siku ambayo maziwa ni mengi na umeme umetulia, ningeiacha iyeyuke hadi koili zionekane, ndipo nianze upya.

Mkianzisha daftari lenye lita za asubuhi, lita za jioni, na milimita saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, baada ya muda mfupi mtaona wenyewe kompresa inahitaji saa ngapi kila usiku. Ikianza kuhitaji saa nyingi zaidi kwa milimita zilezile, gesi inavuja au kondensa, ile sehemu ya nje inayotoa joto, imeziba kwa vumbi. Daftari litawaambia kabla ya maziwa kuwaambia.

SWALI: Fundi, mimi natengeneza mtindi wa kuuza hapa Usa River. Mtambo wangu unacho kile kijiti chenye ncha za chuma cha kupima unene wa barafu. Siku hizi kompresa haizimi kabisa. Barafu imeungana koili kwa koili hadi imekuwa jiwe moja, lakini maziwa yakiingia maji yanapanda hadi nyuzi 5. Inawezekanaje barafu iwe nyingi na baridi iwe haba? Bili imepanda, na kijana wangu anataka kuipasua kwa nyundo.
*Mama Mtindi, Usa River*

JIBU: Mama, kabla ya yote mnyang'anye kijana hiyo nyundo. Nimeletewa karakanani kwangu, mtaa wa Pasua, Moshi, koili iliyotobolewa kwa sululu. Gesi yote ilikwisha, maji yakaingia kwenye mfumo, na kompresa nayo ikafa. Zima kompresa, acha pampu izunguke, endelea kupoza maziwa hadi jiwe hilo liyeyuke lenyewe.

Barafu yako ni nyingi kwa kilo, ila uso wake ni mdogo. Maji yanachukua baridi pale yanapogusana na barafu. Koili zikiwa na njia kati yake, maji yanapita kotekote na kugusa kila moja. Zikishaungana, maji yanapita nje ya lile jiwe tu, na kilo zilizo katikati zinakaa kama hazipo. Ndiyo maana unene wa kawaida ni milimita 30 hadi 40, na kati ya barafu ya koili mbili jirani inabaki nafasi ya kama vidole viwili. Hasara ya umeme nayo inatoka hapohapo: barafu ikizidi unene, koili inalazimika kuwa baridi zaidi ili igandishe, na kila nyuzi moja inayoshuka inakula karibu asilimia 3 ya nguvu za mtambo.

Kijiti kinafanya kazi hivi. Umeme mdogo sana unapita majini kutoka ncha moja hadi nyingine. Maji yanapitisha umeme, barafu karibu haipitishi. Barafu ikifunika ncha, umeme unakatika, na kadi ya umeme inayoiamuru kompresa inaelewa kuwa unene umetimia, inazima kompresa. Wako hauzimi kwa sababu kadi bado inaona umeme unapita. Jaribu hivi: kata umeme mkubwa, chomoa waya za kijiti pale kwenye kadi, ziache wazi, rudisha umeme. Kwa kadi nyingi, kompresa ikikataa kuwaka, kadi ni nzima na ubovu uko kwenye kijiti au kwenye kiungo chake. Nadhani utakuta kiungo hicho kimeloa. Unyevu na uchafu vinaunganisha nyaya mbili juu, na hapo kadi itaona maji hata ncha zikiwa zimezikwa ndani ya barafu. Kausha, safisha, ziba upya kwa silikoni.

Likishindikana hilo, tazama maji. Ukanda wako, kuanzia Maji ya Chai kushuka, maji yana madini mengi, na floraidi mnaijua kwa meno ya watoto. Maji yakiganda, barafu inaacha madini nyuma, yanabaki kwenye maji ambayo hayajaganda na kuyafanya yapitishe umeme zaidi. Kadi nyingi zina skrubu ndogo ya kurekebisha wepesi wake, fundi aipunguze. Walioko juu Marangu wana ugonjwa wa kinyume: maji ya kijito cha mlimani ni laini mno, kadi inadhani ni barafu, kompresa inazima mapema. Wewe mama, mwaga nusu ya maji ya tangi mara kwa mara ujaze mapya. Na ncha zikwangue kwa sandipepa laini, maana gamba jeupe likizishika nalo linaleta uongo wake.

SWALI: Kuna mshauri alikuja kiwandani kwetu akasema tugandishe barafu usiku tu kwa sababu umeme wa usiku ni wa bei nafuu. Nimepekua bili zetu zote za TANESCO sioni bei ya usiku. Nani mkweli?
*Mhasibu, eneo la viwanda Themi, Arusha*

JIBU: Bili ndiyo mkweli. Mshauri amesoma mambo ya kwingine. Ulaya na Marekani bei ya usiku ipo sehemu nyingi, na tangi la barafu huko linauzwa kwa hoja hiyohiyo. Jirani zetu Kenya waliweka nafuu ya usiku kwa wateja wa biashara na viwanda mwishoni mwa 2017. Kwetu uniti ya T1, daraja la bei la watumiaji wa kawaida, ni bei moja saa 8 mchana na saa 8 usiku, na ukijumlisha kodi na tozo inakuja karibu shilingi 356.

Lakini usitupe ushauri wake wote. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo feni ya kondensa inabeba joto kidogo kwa kila mzunguko. Usiku wa Julai hewa inashuka hadi nyuzi 13 au chini yake, na kompresa inapumua. Uniti zilezile zinatoa barafu zaidi. Ningeweka taima iwashe kuanzia saa 5 usiku. Kati ya saa 1 na saa 4 volti zinaanguka kwa sababu kila nyumba imewasha vitu vyake, na kompresa inayoanza kwa volti za chini inaungua waya.

Kama bili yenu ni T2, yaani mnatumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi, mambo yanabadilika. Huko mnalipia uniti, halafu mnalipia pia kile kilele cha KVA, yaani mzigo mkubwa kabisa wa umeme mliovuta kwa wakati mmoja, mlichofika ndani ya mwezi. Kompresa ya barafu ikiwaka wakati mmoja na mashine ya kuchemshia maziwa, ya kufungashia na pampu zote, mmelipia kilele hicho mwezi mzima kwa ajili ya nusu saa. Mwambie fundi aunganishe kontakta, swichi inayoendeshwa na umeme, ili kompresa ya barafu isiweze kuwaka hizo zikiwa kazini. Ni kazi ya mchana mmoja, na nyaya zake hazifiki bei ya sare za wafanyakazi wako. Hapo mshauri wako angekuwa na hoja nzito, cha ajabu hakuigusa.

Kwa wadogo wa T1, faida ya barafu iko kwenye ukubwa wa mtambo. Kupoza lita 400 ndani ya saa 2 bila barafu kunataka mtambo wa kilowati 6 na nusu za baridi, na wengi mtaambiwa mtafute fezi tatu. Ukigandisha kilo 250 kwa saa 10, kilowati 2.3 za baridi zinatosha, na fezi moja inabeba.

SWALI: Kikundi chetu tunataka sola. Muuzaji anataka tuweke betri, mwingine anasema betri hazina haja, barafu inatosha. Tumsikilize nani?
*Kikundi cha wafugaji, Sanya Juu*

JIBU: Wa barafu. Nendeni zahanati iliyo karibu muombe kuona jokofu la chanjo la sola. Mengi ya kisasa hayana betri ya kuendesha kompresa: paneli inaiendesha moja kwa moja mchana, barafu iliyo kwenye kuta zake inalinda chanjo usiku. Chuo Kikuu cha Hohenheim cha Ujerumani kilijaribu njia hiyohiyo kwa maziwa huko Tunisia, jokofu la sola likigandisha vikopo vya barafu ambavyo mfugaji anavitia kwenye keni yenye ukuta wa kuzuia joto.

Barafu kilo 250 ni sawa na uniti 9 au 10 za umeme wa kompresa. Kuzihifadhi kwenye betri za asidi, ambazo hazitakiwi kushushwa chini ya nusu, mtahitaji kama nane za volti 12 zenye ampea-saa 200. Baada ya miaka michache mnanunua nyingine. Maji hayachakai. Betri moja wekeni, ya pampu, kikoroga na taa tu.

Mnachopaswa kuwaza ni mawingu. Majani yanajaa baada ya masika, ng'ombe wanatoa zaidi, na ndipo Juni na Julai mlima unajifunika siku nzima, jua halionekani. Maziwa mengi yanakutana na jua haba. Kwa hiyo paneli zipimwe kwa Julai, si kwa Januari, hata kama muuzaji atawaonyesha hesabu ya Januari inayovutia. Kidhibiti nacho kiwekwe kinyume na cha Themi: kigandishe kila jua linapokuwepo hadi unene utimie, bila taima, kwa sababu jua la leo halirudi kesho. Na kompresa iwe ile inayobadili mwendo kulingana na jua. Ya kawaida inataka nguvu nyingi kuanza, na wingu dogo likipita inazima, ikianza tena inazima, hadi inaungua.

SWALI: Mangi, nikitia chumvi kwenye maji ya tangi si yatakuwa baridi zaidi? Na nikiongeza barafu ya kununua moja kwa moja kwenye maziwa?
*Kijana wa Ngaramtoni*

JIBU: Yatakuwa baridi zaidi, ndiyo, na hayataganda vizuri, kwa hiyo utapoteza zile kilojuli 334 ambazo ndizo ulizozinunulia tangi. Juu ya hapo chumvi itakula koili, na maziwa yenyewe yanaganda kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri, yatashika ukutani mwa tangi. Barafu ndani ya maziwa ni maji ndani ya maziwa, na laktomita ya kituoni, kile kipimo kinachogundua maziwa yaliyotiwa maji, haina urafiki na mtu. Kama chumvi umeshaitia, mwaga maji yote, suuza tangi mara mbili, jaza maji safi, halafu pima upya ile alama ya sifuri niliyomweleza katibu wa Machame.